Kesi ya Maneno ya Mtu Mwingine

Mimi nina hasira za karibu, na nasema hivyo mapema ili msomaji asishangae huko mbele. Mtu akinikanyaga mguu dukani, nageuka na maneno kabla hata sijasikia maumivu. Mwenzangu niliyepanga naye chumba mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, hapa Doha, alikuwa kinyume changu kabisa, na ndiyo maana yeye ndiye aliyekuwa na tovuti, mimi nikawa na kazi ya kumchemshia chai huku nikimpa ushauri ambao hakuufuata hata siku moja.

Alikuwa mwanamke wa Unguja, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, opereta wa simu katika hoteli ambayo mimi nilikuwa nafua mashuka. Wageni waliijua sauti yake, sura yake hawakuwahi kuiona. Nilimwita dada, naye aliniita mwenzangu, hata siku nilizomuudhi. Nyumbani alikuwa na binti mmoja anayesoma sekondari, anayelelewa na bibi yake, na kila alichokifanya Doha alikifanya kwa ajili ya mtoto huyo.

Tovuti yenyewe haikuwa na mapambo yoyote. Watu wetu wa Qatar, Watanzania, Wakenya na Waganda, waliandika humo habari za vyumba vya kupanga, mafundi wa simu, saluni za kusuka, na zaidi ya vyote kago. Asiyewahi kuishi Ghuba hawezi kujua kago ni nini kwetu. Ni katoni kubwa inayokaa pembeni mwa kitanda, ambayo mtu huijaza polepole, leo sabuni, mwezi ujao blanketi, mara viatu vya mjomba, mara maziwa ya unga yaliyokuwa kwenye ofa. Siku ikijaa anaifunga kwa gundi mpaka haina upenyo, anamkabidhi mtu wa kago, na mtu wa kago anaipeleka kwa meli. Baada ya hapo ni kungoja, na kila akipiga simu nyumbani anaulizwa, mzigo umefika wapi? Mzigo ukiharibika, aliyeutuma ndiye anayeona aibu, ijapokuwa kosa si lake.

Kwa hiyo malalamiko ya kago yalikuwa mengi, na dada alikuwa na namna yake ya kuyashughulikia ambayo sijaiona kwa mtu mwingine yeyote. Kila aliyetaka kuandika kwenye tovuti aliacha namba ya simu, ambayo yeye peke yake aliiona. Na namba ile hakuiweka kwa mapambo. Alimpigia mtu, akiwa kwenye mapumziko yake, amekaa kwenye ngazi za wafanyakazi na sandwichi mapajani, akamuuliza kwa ile sauti ya hotelini, "Umeona mwenyewe au umeambiwa?" Kisha alimpigia anayelalamikiwa, akamsomea kila neno, akangoja jibu. Jibu aliliweka juu ya ukurasa uleule, kwa maandishi ya ukubwa uleule. Matusi yote aliyakata. "Niandikie lililotokea," alikuwa akiwaambia. "Mtu mwenyewe ni nani, hilo mwachie Mungu na mama yake."

"Dada, mtu kaibiwa, wewe unampigia mwizi simu?" nilimuuliza siku moja, nimeshashika kiuno.

"Sijajua kama ni mwizi. Ndiyo maana nampigia."

Nilikuwa nikikereka, lakini nilimvulia kofia kimoyomoyo. Nimeona watu wengi wenye simu mkononi, na wachache sana wanaoogopa kumwonea mtu wasiyemjua. Yeye aliogopa jambo hilo kuliko alivyoogopa foleni ya uhamiaji. Watu waliiamini tovuti yake kwa sababu hiyo tu, na hata wenye kago walianza kuipenda, maana akisifiwa mtu pale ilijulikana amesifiwa kweli.

Sasa ikatokea mwanamke mmoja mfanyakazi wa ndani alituma mzigo kwao, ukafika umelowa, mablanketi yananuka, maziwa yameganda mawe. Akaandika. Mzigo ulipitia kwa mzee mmoja mwenye asili ya Tanga, mwenye ofisi ya kago nyuma ya bakala moja, duka dogo la vyakula, mtaa wa Al Mansoura. Namwita mzee kwa heshima, hakuwa mzee sana. Mwenzangu akampigia kama kawaida yake. Mzee akajibu kwa adabu kwamba kontena lilinyeshewa bandarini, kwamba amesikitika, na kwamba mtu huyo akituma mzigo mwingine ataubeba bure. Yote yakaandikwa. Mlalamikaji akashukuru. Ningekuwa mimi ndiye mzee ningeuchapisha ukurasa ule nikaubandika ukutani, maana ulimpamba kuliko tangazo.

Lakini chini ya ukurasa kulikuwa na sehemu ya maoni, na pale waliokwisha kupigiwa simu na dada zamani waliweza kuandika bila kungoja ruhusa. Mchana mmoja, yeye akiwa zamu kwenye simu za wageni, mtu mwenye jina la kubuni akaandika: "Huyu ni mwizi mkubwa. Hata ndugu yake wa damu kamuibia. Msimpe mizigo yenu."

Dada aliyaona maneno hayo alipotoka zamu, akayafuta palepale, amesimama kwenye kituo cha basi na mkoba begani. Alikuwa amechelewa. Kuna mtu alikwisha kuyapiga picha, na picha ikawa inazunguka kwenye makundi ya simu, na kabla ya magharibi ilikuwa imemfikia mzee mwenyewe wa kago.

Mzee alipiga simu usiku uleule, hasira yake ikiwa bado ya moto, na sikumlaumu, maana ningekuwa yeye nisingepiga, ningekuja. Dada alimwomba radhi kwa muda ambao maneno yale yalikaa. Akamwambia aandike chochote anachotaka, ataliweka jibu lake juu kabisa. Mzee hakutaka kuandika. Alitaka jina. Kuitwa mwizi, alisema, angeweza kumeza, watu wa biashara huitwa. Lakini kuambiwa amemwibia ndugu yake wa damu, yeye aliyewalea wadogo zake baada ya baba yao kufariki, hilo hakulimeza. Dada akakataa kutoa jina. Mzee akaenda polisi.

Hapa Qatar maneno ya mtandaoni si mchezo. Ukimchafulia mtu jina kwenye simu au tovuti, ni kesi ya jinai, na mgeni akitiwa hatiani anaweza kufungwa, kutozwa faini, kisha kurudishwa kwao. Mwenye jina la kubuni hajulikani alipo, lakini mwenye tovuti anajulikana, na siku ya pili dada alipigiwa simu aripoti kituoni wiki inayofuata. Hoteli ikisikia isingembakisha. Nilimfikiria binti yake akiitwa ofisini kwa mwalimu mkuu kwa sababu ada haikuja, nikakosa hamu ya chakula.

Watu wetu nao wakaanza kumtetea. Laiti wangemwacha! Waliingia kwenye tovuti kwa makundi: tuko nawe dada, mwizi ni mwizi tu, safari hii kakutana na wanaume. Kila mmoja wao alikuwa anaandika kesi mpya, na dada alikuwa anafuta mmoja, wanaingia watatu, mpaka akaifunga sehemu ya maoni yote. "Wananitetea mpaka gerezani," alisema, na ingawa hali ilikuwa mbaya nilicheka hadi nikashika ukuta. Kisha viongozi wa chama chetu cha Watanzania hapa Doha wakaja na wazo lao: waende watu wazima kwa mzee, na halua na maneno mazuri, wamwombe radhi kwa niaba yake, kama tunavyosuluhishana nyumbani. Dada akawashukuru, akakataa. Alikwisha kumwomba radhi kwa kosa la kuchelewa kuyafuta, alisema, na kosa lingine hakulifanya. Ujumbe wa watu na halua ungekuwa kukiri.

Ijumaa ya kabla ya siku ya kuripoti nilikwenda kanisani Mesaimeer, maana huku ibada kubwa ni ya Ijumaa. Baada ya ibada watu walisimama uani na chupa zao za maji, na habari ilikuwa hiyohiyo. Mlinzi mmoja Mkenya, kijana mpole anayeimba besi kwenye kwaya, akaniambia, "Sister, si amtaje tu huyo msee aliyeandika? Ataingia ndani juu ya mtu hata si wa kwao?" Nikaona amesema kweli tupu. Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo nimeishika mkononi.

Nilimkuta dada jikoni, ametoka kuswali, anakanda unga wa chapati.

"Mtaje," nikasema, hata viatu sijavua.

"Vua viatu kwanza."

"Dada, sicheki. Mtaje huyo mtu. Ameandika ujinga wake, yeye yuko zake anakula biriani, wewe kesho kutwa unakwenda polisi. Una mtoto."

Alikanda kidogo, kisha akasema bila kuinua macho, "Unataka kumjua?"

"Namtaka kwa meno."

"Ni mdogo wake."

Niliketi. Akanieleza. Mzee wa kago alikuwa na mdogo wake wa mwisho, wa baba mmoja mama mmoja, anayefanya naye kazi ofisini na kulala naye chumba kimoja nyuma ya ile ofisi. Kaka ndiye aliyemleta Qatar, na vibali vyake vyote vilikuwa chini ya kaka. Kijana alijiandikisha kwenye tovuti zamani, alipokuja kumsifu kinyozi. Siku ile baada ya kuyafuta maneno yake dada alimpigia, kama anavyompigia kila mtu, na kijana alilia kwenye simu mpaka akashindwa kusema.

"Alilia nini?"

"Hilo lake, mwenzangu. Kaniambia mimi."

"Basi si ndiyo vizuri! Mzee akijua ni mdogo wake, ataifuta kesi hapohapo. Atamshtaki mdogo wake?"

"Kesi itakwisha," akasema. "Na undugu wao utakwisha. Na yule atapandishwa ndege, hana pa kwenda. Kwa neno aliloandika mchana mmoja ana uchungu."

Nikatafuta njia nyingine. Nilikumbuka kwamba kabla ya Ramadhani mzee wa kago aliwatumia wateja wake wote ujumbe, mimi nikiwemo, akituomba tumsamehe kwa yote aliyotukosea, kwa kujua na kwa kutojua. Nikaufungua ujumbe, nikaiweka simu juu ya unga. "Haya! Amekiri mwenyewe. Mpelekee polisi hii."

Dada akaifuta simu yangu unga kwa kanga yake. "Radhi ya Ramadhani haipelekwi polisi," akasema.

Nilisusa kula. Alikula sehemu yangu ya chapati, tena kwa utulivu, akaniachia moja chini ya sahani.

Siku ya siku nilichukua ruhusa kazini nikamsindikiza. Tulikaa kwenye benchi la ukumbi wa kituo cha polisi, yeye na hijabu ya bluu ya kazini, mimi na mkoba wake mapajani. Mzee wa kago akaingia amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Nyuma yake aliingia kijana mwembamba mwenye bahasha ya kaki chini ya kwapa, na kabla sijaambiwa nilimjua, kwa namna alivyoyakwepa macho yetu.

Mzee alikuwa na miaka mingi Doha lakini Kiarabu chake kiliishia kwenye salamu na bei. Mdogo wake ndiye aliyekijua, alikisoma chuoni, kwenye madrasa, tangu utotoni na akakinolea bandarini, na kwa hiyo kila kaka alipokwenda, forodhani, benki, hospitali, alimchukua mdogo wake kama anavyochukua miwani. Hata siku hii hakufikiri mara mbili. Alikuwa amemleta awe mkalimani.

Nilimbana dada mkono. Akanibana zaidi, na nilielewa maana yake ni kwamba nifunge mdomo.

Tulipoitwa ndani, afisa aliyetupokea alikuwa mtu wa umri mdogo na sauti ndogo, akatuagizia chai sote wanne. Alitaka kusikia pande zote kwanza, kama kuna suluhu, kabla faili halijakwenda kwa waendesha mashtaka. Mkalimani wa Kiswahili wa ofisi angepatikana siku nyingine, alisema, lakini kama dada anaridhia, huyu aliyekuja na mlalamikaji atafaa. Dada alikuwa na Kiarabu cha hotelini, subiri kidogo, chumba namba ngapi, karibu tena. Kilitosha kufuata mazungumzo, hakikutosha kujitetea. Angeweza kukataa. Alimtazama yule kijana, akasema anaridhia. Mimi nilikaribia kusimama nipige kelele.

Mzee akaeleza, na kijana akatafsiri. Alifika mahali pa kusema kwamba kaka yake ameitwa mwizi, akasema. Akafika mahali pa ndugu wa damu, na ilimbidi kuyatoa maneno yake mwenyewe kwa mdomo wake mwenyewe, kwa Kiarabu safi, mbele ya aliyeyaandikiwa. Jasho lilimtoka ilhali kiyoyozi kilikuwa kinatugandisha. Kaka yake akampa leso.

Kisha afisa akauliza swali, na kijana akageuka kwa dada, macho yake kwenye glasi ya chai.

"Anauliza nani aliandika."

Dada aliweka glasi yake chini, akasema kwa ile sauti yake ya simu, kila neno mahali pake. "Mwambie hivi, mdogo wangu. Tovuti ni yangu. Neno lile halikuwa zuri, nililifuta nilipoliona, na kwa muda lililokaa nimemwomba kaka yako radhi na namwomba tena. Aliyeandika namjua. Nilizungumza naye. Ana uchungu wake, lakini si mtu mbaya, na simtaji. Kama sheria inataka mtu, basi mtu ni mimi."

Kijana akaanza kutafsiri. Alikwenda vizuri, sentensi moja baada ya nyingine, kisha akakwama. Dada aliniambia baadaye ni wapi alipokwama: alikuwa amefika kwenye maneno "si mtu mbaya." Afisa akangoja. Mzee akamgusa bega, "Fasiri basi, mtu anangoja."

Kijana akasema jambo fupi kwa Kiarabu. Afisa akaweka kalamu chini. Akamtazama yeye, akamtazama mzee, akamtazama dada.

"Kasema nini?" mzee akauliza. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ni mimi, kaka."

"Wewe nini?"

"Niliyeandika."

Nilingoja makelele, maana makelele nayajua. Hayakuja. Mzee alivua kofia yake akaiweka gotini, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. "Nimekuibia nini mimi? Mimi niliyekuvalisha, nikakuleta huku, nimekuibia nini?"

"Mama alipofariki ulisema mmoja lazima abaki na mizigo," kijana akasema. "Ukaenda kuzika wewe. Mimi saa ile mnamwingiza kaburini nilikuwa ofisini naandika majina ya mama za watu kwenye masanduku."

Afisa akamgeukia dada, akamuuliza kwa Kiarabu chepesi kuna nini, maana mkalimani alikuwa hawezi tena. Dada akakusanya maneno aliyokuwa nayo, akamwambia mama yao amefariki, na huyu mdogo hakumzika. Afisa akasimama. Akazunguka meza, akampa mkono wa pole kijana kwanza, kisha kaka yake, akaenda kusimama dirishani akiwa ametupa mgongo.

Mwishowe mzee akavaa kofia yake, akaomba karatasi ya kuondoa malalamiko. Ililetwa, imeandikwa Kiarabu kitupu toka juu mpaka chini. Aliitazama, akaisogeza kwa mdogo wake. "Nisomee," akasema. Kijana akaisoma huku sauti ikikatika, na mzee akatia sahihi pale alipoonyeshwa kwa kidole.

Nje jua lilikuwa kali la kupasua. Nilimkamata dada mkono kwenye kivuli cha ukuta.

"Ulijuaje kama atasema?"

"Sikujua."

"Na angefasiri tu, akanyamaza?"

Aliirekebisha hijabu yake. "Angefasiri vizuri," akasema. "Ana Kiarabu kizuri yule."

Nilimkasirikia njia nzima mpaka kwenye metro. Ndani ya behewa, mbele za watu, nilimshika nikalia, naye akanipigapiga mgongo akiniuliza kama nimekula.